Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha Kutambua Mawingu kwa Kibanda cha Darubini

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi ya kujenga kibanda cha darubini chenye paa la mabati linalosukumwa juu ya reli. Barua zilizofika tangu wakati huo, kwa maneno mbalimbali, zinauliza jambo moja: mtu akiwa amejifungia ndani kwa ajili ya baridi, au amepitiwa na usingizi, atajuaje kwamba mawingu yamekwisha kufika juu ya darubini yake? Tumechagua barua tano. Majina ya walioandika tunayo, lakini hatuyachapishi.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Mbarara, Uganda. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya sekondari, na pamoja na wanafunzi wangu tumejenga kibanda chenye darubini ya kioo cha inchi 8. Mwezi wa Aprili tuliiacha ikipiga picha yenyewe, tukaenda kula. Tulipoondoka nyota zilikuwa zimejaa. Tuliporudi baada ya nusu saa tuliikuta darubini imelowa chapachapa. Nimesikia kwamba kuna kipimajoto kisichogusa kitu ambacho hutambua mawingu. Je, kipimajoto kinalijuaje wingu, nasi tunaweza kukitengeneza kifaa hicho kwa mikono yetu?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, poleni sana. Kabla ya kingine chochote, kioo hicho msikipanguse kwa kitambaa. Kiacheni kikauke chenyewe kikiwa kimesimamishwa, kwa maana vumbi lililochanganyika na maji ya mvua likisuguliwa hukwaruza utando wa aluminiamu, na mkwaruzo huo hauondoki.

Tukija kwenye swali lako, kipimajoto hakilijui wingu hata kidogo. Kinachokijua ni joto la kitu kilichoelekezewa, na mengine yote ni hesabu yetu sisi. Nasisitiza jambo hili mwanzoni kwa sababu makosa mengi nitakayoyataja katika ukurasa huu huzaliwa na mtu kusahau kwamba kifaa chake hupima joto, si mawingu.

Kila kitu chenye joto, kuanzia sufuria iliyoko jikoni hadi anga lenyewe, hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. William Herschel aliigundua mionzi ya infraredi mwaka 1800, alipoweka vipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopitishwa katika mche wa kioo, akaona joto linapanda mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote. Na mwaka 1879 Josef Stefan akaonyesha kwamba wingi wa mionzi hufuata kipeo cha nne cha jotoridi halisi (lile linalohesabiwa kuanzia sifuri kamili) la kitu kinachoitoa. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa, karibu hazitoi mionzi hii. Kazi hiyo hufanywa hasa na mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, na hata hizo zimeacha pengo: kati ya mikromita 8 na 14 hewa kavu iko wazi kama dirisha, na kipimajoto kikitazama juu kupitia dirisha hilo hukutana na baridi kali. Wingu zito likipita, matone yake ya maji hulifunga dirisha lote, na kipimajoto hujikuta kinatazama kitu kama dari, yenye joto la wingu lenyewe.

Dari hiyo ina joto gani? Chukua usiku ambao hewa ya chini ina nyuzi 18 za Selsiasi, na umande huanza kutunga kwenye nyuzi 14. Kanuni ya makadirio husema uzidishe tofauti ya nyuzi hizo kwa mita 125, kwa hiyo kitako cha wingu kitakuwa kwenye mita 500 hivi juu ya kichwa chako. Na kwa kuwa hewa inayopanda kabla ya kutunga wingu hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100, kitako hicho kitakuwa na nyuzi 13. Kipimajoto chako kitasoma nyuzi 5 tu chini ya hewa inayokizunguka. Usiku uleule anga likiwa safi, usomaji hushuka mbali zaidi ya hapo, mara nyingi hata chini ya sifuri. Tofauti hiyo kati ya joto la hewa na joto la anga ndiyo kifaa chote. Yaliyobaki ni kukikinga kisiharibike.

Unaweza kulithibitisha hili leo usiku bila kununua chochote. Mwombe fundi wa friji akuazime kipimajoto chake cha umbo la bastola, ukielekeze juu pasipo na wingu, kisha ukielekeze kwenye wingu, na wanafunzi waandike namba hizo ubaoni. Usichukue kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020 kila tulipoingia benki au sokoni, kwa kuwa hicho kimefungiwa joto la mwili wa mtu, na ukikielekeza angani kitakataa kukupa namba.

Kwa kifaa cha kudumu, sensa inayotumiwa na wengi ni MLX90614 ya kampuni ya Melexis ya Ubelgiji. Ni kopo dogo la chuma lenye miguu minne na kidirisha juu yake. Hupokea mionzi ya mikromita 5.5 hadi 14, na huweza kupima kitu chenye joto la kuanzia nyuzi 70 chini ya sifuri hadi nyuzi 380. Unaponunua, soma herufi tatu za mwisho wa jina lake. Herufi ya kwanza ikiwa A, sensa hutaka volti 5, na ikiwa B hutaka volti 3, na kuzichanganya ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza. Herufi mbili zinazofuata hukusaidia kujua upana wa macho yake: AA hutazama pembe ya nyuzi 90, na CC hutazama pembe ya nyuzi 35. Ya nyuzi 90 ni rahisi kupatikana na huona eneo kubwa la anga, lakini pia huona mti wa mwembe, ukuta wa bweni na hewa nzito iliyo chini kuelekea upeo, vitu ambavyo vyote ni vya moto kuliko anga. Mimi ningechagua ya nyuzi 35 kama bei inakubali. Kama haikubali, ile ya nyuzi 90 ivalishwe kofia fupi ya bomba na iwekwe mahali palipo juu kuliko vitu vyote vinavyoizunguka.

Sensa huunganishwa na bodi ya Arduino au ya ESP32, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, kwa nyaya nne, mbili za umeme na mbili za mawasiliano, na kila waya wa mawasiliano huwekewa rezista ya kiloohm 4.7 inayokwenda kwenye chanya. Bodi nyingi za sensa zinazouzwa zikiwa zimekwisha kuchomelewa zina rezista hizo tayari. Waya wa mawasiliano uwe mfupi, usizidi mita moja. Nimeona watu wakiuvuta mita 10 kutoka paani hadi mezani, kisha wakishangaa kwa nini namba zinakuja na kupotea. Bodi na ikae juu pamoja na sensa, halafu safari ndefu ifanywe kwa RS-485, mfumo wa mawasiliano ya waya unaofaa umbali mrefu, au kwa Wi-Fi.

Sasa nyumba ya sensa, ambayo ndiyo huamua kama kifaa kitaishi mwaka mmoja au wiki mbili. Sensa hii huchanganyikiwa kopo lake likipashwa joto upande mmoja, kwa hiyo lichomekwe ndani ya kipande kinene cha aluminiamu kilichotobolewa tundu linalolibana. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, watakutobolea kwa dakika chache. Juu yake panahitajika kifuniko kinachozuia mvua lakini kinachopitisha mionzi, na hapa wengi hukosea kwa kuweka kioo. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini huzuia mionzi ya joto tunayoitaka, hivyo kifaa kitakuwa kinapima joto la kioo chenyewe usiku kucha. Kinachofaa ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ile nyembamba kabisa, kwa sababu politheni nyembamba hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Ivute kama ngozi ya ngoma juu ya mdomo wa bomba la plastiki, uifunge kwa mpira, na uibadilishe kila miezi miwili au mitatu, maana jua huikausha na kuipasua. Bomba liinamishwe kidogo ili maji yateremke.

Joto la hewa lisipimwe na sensa ileile, ingawa ina kipimajoto chake ndani, kwa kuwa hicho hupima joto la kopo. Tumia sensa ya pili, kwa mfano DS18B20, iliyowekwa kivulini chini ya vifuniko vyeupe vinavyopitisha upepo.

Kabla ya kukipandisha paani, kijaribu kwa barafu. Jaza beseni barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, kisha ielekezee sensa kwa karibu. Isome sifuri, au nyuzi moja juu au chini yake. Maji yanayochemka usiyatumie. Mvuke wake hulowesha kidirisha, na isitoshe kwa mwinuko wetu hayafiki nyuzi 100: Kampala huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale kwenye nyuzi 94, jambo ambalo huwasumbua wanafunzi kila mwaka katika maabara.

Sijakuambia bado ni tofauti ya nyuzi ngapi inayopasa kufunga paa. Nimefanya hivyo makusudi, na barua inayofuata itaonyesha sababu.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mstaafu ninayeishi Entebbe, na kifaa unachokieleza nimekwisha kukiunda. Katika maelekezo niliyoyafuata ilisemwa kwamba tofauti ikiwa chini ya nyuzi 25 anga lina mawingu na paa lifungwe. Tangu mwezi wa Machi paa langu halijafunguka hata usiku mmoja, na kuna usiku ambao niliona kwa macho yangu nyota za Msalaba wa Kusini zikiwaka pasipo wingu lolote. Je, sensa imeharibika?

JIBU: Mzee wangu, sensa yako ni nzima. Kilichoharibika ni hiyo namba 25, nayo haikuharibika kwa aliyeiandika, bali kwako. Yeye aliitoa kwenye anga lake, na bila shaka ni anga kavu, ambapo tofauti ya usiku safi inaweza kupita nyuzi 30. Wewe unaishi kando ya Ziwa Victoria, na juu ya kichwa chako mvuke wa maji hauishi. Mvuke huo si wingu na hauzuii nyota, lakini hutoa mionzi, kwa hiyo huonekana na sensa kama anga lenye joto. Tena sensa yetu huanza kupokea kwenye mikromita 5.5, na kati ya hapo na mikromita 8 mvuke wa maji umelifunga dirisha karibu lote, hata usiku ulio safi.

Dawa yake ni daftari. Kwa miezi miwili au mitatu liache paa lisiendeshwe na kifaa. Wewe andika, kila utokapo nje, saa, joto la hewa, joto la anga, unyevu, na maneno mawili matatu ya yale unayoyaona kwa macho: safi, nusu, limefunga, ukungu. Usiandike usiku mzuri peke yake. Mwisho wa muda huo utaziona namba zako zimejigawa makundi, na mpaka kati ya makundi hayo ndio kiwango chako. Kitakuwa tofauti na cha Moroto, na huenda kikawa tofauti na cha Kampala iliyo karibu nawe, na cha Januari hakitafanana na cha Aprili. Watengenezaji wa vifaa vya kununua nao huacha namba hizo zirekebishwe na mnunuzi, kwa sababu hiyohiyo.

Liko hata hivyo tatizo ambalo daftari peke yake halilimalizi. Wingu la katikati, lililo kilomita 4 juu yako, lina baridi ya karibu nyuzi 26 kuliko hewa ya chini, ukihesabu wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Kipimajoto chako kikitazama wingu hilo kupitia hewa yenye mvuke mwingi, kitasoma namba inayofanana sana na ya usiku safi wenye unyevu. Namba moja haiwezi kuyatenganisha mambo haya mawili. Yanayoweza kuyatenganisha ni mabadiliko. Anga safi, hata likiwa na unyevu, hubadilika polepole. Ukisoma kila baada ya sekunde 30, usomaji wa robo saa utakuwa mstari ulionyooka au unaoteremka taratibu kadiri usiku unavyopoa. Mawingu yana kingo na matundu, kwa hiyo mstari huanza kurukaruka. Iagize programu yako itunze usomaji 30 wa mwisho na ikokotoe mtawanyiko wake kutoka kwenye wastani, kisha uandike namba hiyo daftarini pamoja na zile nyingine. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa kandokando ya ziwa mtawanyiko huo una thamani kuliko joto lenyewe. Udhaifu wake ni wingu tandavu, lile linalofunika anga kama blanketi lisilo na tundu, kwa kuwa nalo hutulia. Lakini hilo aghalabu huwa chini na lina joto, kwa hiyo kipimo cha kwanza hulinasa.

Zingatia pia saa. Bara huwa na ngurumo zake alasiri, lakini juu ya ziwa dhoruba hukua usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji, na mara nyingi hufika pwani yenu kuelekea alfajiri. Ukiamua kulala, kiwango cha saa nane za usiku na kuendelea kiwe kikali kuliko cha saa mbili.

Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi usiwasahau. Wakitua juu ya kaveera asubuhi moja utakuta kifaa kimefunikwa kama kwa ugali, nacho kitasoma joto la wadudu. Kipanguse, na taa ya nje uizime.

SWALI: Mwalimu, huku Arua sensa uliyoitaja sikuipata, na kuiagiza kunachukua muda. Ninacho kibati cha kupozea nilichokitoa kwenye mashine mbovu ya maji baridi ya kunywa, kile chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na fundi wa redio wa mtaani kwetu ananiambia kwamba kinaweza kufanya kazi hiyo. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu, na fundi huyo mshike vizuri. Kibati hicho huitwa Peltier. Ukikipa umeme, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Ukikipa tofauti ya joto, hurudisha umeme, jambo ambalo Thomas Seebeck aliligundua mwaka 1821. Kile cha kawaida cha milimita 40 kwa 40 kina jozi 127 za vipande vya nusukipitishi, na hutoa karibu milivolti 50 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya pande zake. Kijaribu kama kizima kwa kuziunganisha nyaya zake na mita ya fundi na kuweka kiganja chako juu ya upande mmoja: milivolti zipande mara moja, kisha zishuke joto linapoenea.

Upande wa chini ubandike kwenye kipozajoto cha aluminiamu kilichotoka kwenye kompyuta ya zamani, kwa grisi ya kupitishia joto, ili ubaki na joto la hewa. Upande wa juu upake rangi nyeusi isiyong'aa, uzungushie kingo sponji, na uufunike kwa kaveera kama nilivyomweleza mwalimu wa Mbarara, safari hii ikiwa imeinuliwa kidogo isiguse rangi. Upande mweusi utapoteza joto kuelekea anga safi na kupoa kuliko wa chini; wingu likija, utarudishiwa joto hilo na tofauti itakaribia kuisha.

Usitarajie umeme mwingi. Kwa makadirio yangu, usiku safi utapata milivolti kumi na kitu, na Arduino ya volti 5 husoma kwa hatua za karibu milivolti 5, yaani anga lako lote litakuwa hatua mbili tatu tu. Kwa hiyo weka kikuzaji cha LM358 kinachozidisha mara 100 hivi. LM358 ina kosa lake dogo la milivolti chache ambalo nalo huzidishwa, hivyo kabla ya kuunganisha kibati gusanisha nyaya za kuingilia, soma kinachotoka, uandike namba hiyo na uitoe kila mara. Faida ya chombo hiki ni kwamba kimekwisha kutoa hesabu chenyewe, kwa kuwa hulinganisha anga na hewa bila kipimajoto cha pili. Hasara yake ni uzito wa mwendo: huchukua dakika kadhaa kukubali kwamba wingu limefika, na ule ujanja wa mtawanyiko niliompa mzee wa Entebbe hufifia.

Kwa kuwa uko Arua nakuongezea jambo moja. Kuanzia Desemba hadi Februari nyasi zikichomwa, moshi hufunika nyota kabisa, lakini chembe zake ni ndogo mno kuzuia mionzi ya mikromita 10. Kifaa kitasema anga ni safi. Kwa upande wake kimesema kweli.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Jinja. Kwa nini tusitumie kamera tu, tukaangalia mawingu kwenye skrini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Tumieni. Kamera ndogo ya Raspberry Pi (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) yenye lenzi pana, ikipiga picha ya sekunde 20 au 30, huona nyota, na kwa hiyo huona kile ambacho kipimajoto hakikioni: mawingu membamba ya juu kabisa, yaliyo barafu tupu, ambayo hufifiza nyota bila kuongeza joto la kupimika, na pia moshi wa Arua. Shida ni kuifundisha kompyuta isome picha hizo. Mjini, wingu huangazwa na taa na kuonekana jeupe. Ukienda kijijini kusiko na taa, wingu lilelile huonekana kama shimo jeusi lisilo na nyota. Na mwezi ukitoka, kila kitu hubadilika tena. Njia nyepesi ni kuhesabu nyota badala ya kutafuta wingu. Kamera iwe shahidi wa daftari, na kipimajoto kiwe mlinzi.

SWALI: Ndugu, niko Fort Portal. Paa langu husukumwa na mota ya betri ya volti 12, na sasa nataka kifaa cha mawingu kiliendeshe chenyewe. Nikumbuke nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kumbuka kwanza kwamba siku kifaa kitakapokufa hakitakuaga. Kwa hiyo usikipangie kitume neno "funga" wakati wa hatari, bali kitume neno "salama" kila dakika, na kidhibiti cha paa kifunge chenyewe kikikaa dakika tatu bila kulisikia. Hapo waya ukikatwa na panya, bodi ikiganda, au nyigu wakijenga kwa udongo mdomoni mwa bomba, matokeo yatakuwa paa lililofungwa. Umande juu ya kaveera nao huifanya sensa isome joto la hewa, na kifaa kitadhani ni wingu. Usihangaike kuuondoa, maana usiku ambao kaveera imelowa, kioo cha darubini nacho kinaelekea hukohuko.

Kufunga kuwe kwepesi na kufungua kuwe kuzito. Usomaji miwili mfululizo ukivuka mpaka, paa lifungwe. Lakini kufungua kungoje dakika 20 zisizokatika za anga safi, vinginevyo usiku wa mawingu ya vipandevipande mota yako itakuwa ikienda na kurudi mpaka betri iishe. Betri hiyo ichajiwe na sola au na umeme wa nyumbani, na isitumike kwa taa wala redio.

Kihisi cha mvua kiwe njia ya pili, isiyopitia kwenye programu ya mawingu. Vile vibao vya bei rahisi vyenye mistari ya shaba huoza upesi kwa sababu umeme unaopita bila kukoma kwenye maji huila shaba. Kipe umeme kwa nukta ya kupima tu, kisha ukikate. Rezista ndogo chini yake ikikipa joto kidogo, itakikausha mvua inapokatika.

Kama paa lako huteleza karibu na darubini, weka swichi ya kikomo itakayogusana na darubini pale tu inapokuwa imelala, na mota isipate umeme wa kufunga kabla swichi hiyo haijabonyezwa. Ukubali hapo uamuzi mgumu: darubini ikikwama ikiwa imesimama, mvua itainyeshea, lakini haitavunjwa na paa. Mimi huona kulowa ni afadhali.

Radi za magharibi huko unazijua kuliko mimi. Kifaa kilichoko juu ya mlingoti na kompyuta iliyoko mezani visiunganishwe na shaba hata kidogo. Tumia Wi-Fi, au kitenganishi cha mwanga, na mlingoti uwe na waya wake wa ardhi unaoshuka moja kwa moja nje ya kibanda.

Na kwa mwezi wa kwanza itoe darubini kibandani uihifadhi ndani ya nyumba. Juu ya nguzo yake tandaza gazeti kavu, ulizuie kwa jiwe, uache paa lijiendeshe. Kila asubuhi liguse gazeti hilo kabla hujasoma chochote kwenye kompyuta. Likiwa limelowa, tafuta daftarini ni saa ngapi usomaji ulivuka mpaka na ni saa ngapi paa lilijifunga, usogeze kiwango chako, kisha utandaze gazeti jingine.